Chapa za Jean-François Millet kwenye ukuta wa mgahawa: nilizozipenda, niliyoiteremsha, na jinsi ya kuzipata bure

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aende zake. Chapa, yaani picha zilizochapwa kutoka kwenye sahani ya shaba, za Jean-François Millet, Mfaransa aliyechora wakulima na wachungaji wa karne ya 19, zimeupendeza mgahawa wangu kuliko chochote nilichowahi kutundika, na picha zenyewe sikuzilipia hata senti. Nimelipia karatasi, wino na fremu, basi. Kama unatafuta rangi kali za kuchangamsha ukumbi, hizi si zako. Ni za rangi moja, kahawia inayoelekea weusi, ni ndogo, na watu waliomo hawana habari na wewe. Lakini kama umewahi kulima, kukamua au kulea, kaa kidogo tuongee.

Nauza maziwa hapa Dodoma: mtindi, maziwa ya moto, chai ya maziwa, na vitafunwa vyake. Ukuta nilioukuta ulikuwa na bango la maporomoko ya maji na jingine la bakuli la matunda ambayo sijui yanaota wapi. Nikataka kitu kinachohusu maziwa. Binti yangu ndiye aliyeniambia kwamba makumbusho makubwa ya nje siku hizi yanaachia picha zao zipakuliwe, akatafuta tafuta kwenye simu, akanionyesha mwanamke wa Kifaransa amesimama kwenye pipa la kusukia siagi. Nikasema: huyo huyo.

Huduma yenyewe ni hivi. Jumba la Metropolitan Museum of Art la New York, tangu mwaka 2017, linaruhusu mtu yeyote kupakua na kutumia picha za kazi ambazo haki zake zimekwisha, hata kwa biashara, bila kuomba kibali wala kulipa. Utaratibu wao wameuita Open Access. Art Institute of Chicago na jumba la Cleveland wana utaratibu unaofanana. Millet alifariki mwaka 1875, kwa hiyo hakuna wa kukudai. Kwangu mimi mfanyabiashara hilo si jambo dogo, maana sitaki siku moja aje mtu na barua ya wakili ananiuliza nimepata wapi picha ya ukutani. Unaingia kwenye tovuti yao, unaandika jina lake, unachuja zibaki zile zilizoachiwa, unabonyeza alama ya mshale. Faili linashuka likiwa kubwa kiasi kwamba ukilikuza kwenye simu unaona mpaka nyuzi za karatasi ya zamani. Hapo sina lawama hata moja. Kinachokera ni utafutaji: ukiandika jina tu, zinakuja pia kazi za watu wengine walioiga picha zake, na wageni wengi wataishia kupakua hizo. Nitalirudia.

Sasa kuchapisha. Hapa ndipo pesa yako inapoweza kupotea, kwa hiyo sikiliza. Chapa ya Les Glaneuses, ile ya wanawake watatu wanaookota masuke, ukubwa wake halisi ni kama sentimita 19 kwa 25. Karatasi ya A4 ni 21 kwa 29.7. Maana yake unaweza kuipata kwa ukubwa ule ule alioutoa Millet, na pembeni ikabaki nafasi nyeupe ya kupumua. Steshenari niliyoenda kwanza kijana alivuta picha mpaka ijae ukurasa, kichwa cha mama mmoja kikapona kwa bahati na kisigino cha mwingine kikaliwa. Kisha akaongeza weusi "ili ionekane vizuri, mama". Akatumia na karatasi ile ya kung'aa ya picha za pasipoti. Ilipotundikwa mkabala na mlango ulikuwa unaona bodaboda zikipita ndani yake badala ya wanawake. Nilikwenda kwingine, nikadai karatasi ya manila ya rangi ya maziwa, isiyong'aa, printa ya wino wa maji na si ya leza, na picha isivutwe hata kidogo. Wino wa maji unazama kwenye manila na ule ukahawia unabaki. Leza inaacha weusi wa juu juu unaometa, na mistari myembamba inashikana. Fremu nilitengenezewa na fundi seremala wa jirani, mbao nyembamba bila nakshi. Usikubali zile fremu za dhahabu zenye maua. Picha ya mtu anayebeba samadi kwenye fremu ya maua inakuwa kichekesho.

Kuhusu mtu mwenyewe, kwa ufupi, maana wateja huuliza. Alizaliwa mwaka 1814 Gruchy, kitongoji cha pwani ya Normandy, mkoa wa ng'ombe na siagi. Alikuwa mtoto wa mkulima, na mpaka anakaribia miaka 20 alikuwa shambani na baba yake, kabla ya kupelekwa Cherbourg kujifunza kuchora na kisha Paris mwaka 1837. Mwaka 1849, kipindupindu kikiwa Paris, alihamia na familia yake Barbizon, kijiji kilichoegemea msitu wa Fontainebleau, pamoja na rafiki yake Charles Jacque, mchoraji wa kondoo na kuku ambaye alifuga kuku kwelikweli. Jacque alikuwa hodari wa kuchapa. Millet akabaki Barbizon mpaka kufa, watoto tisa, madeni kila upande, na rafiki mmoja wa Paris, Alfred Sensier, akimtafutia wanunuzi na kumkopesha. Ni huyo Sensier aliyemsukuma atengeneze chapa, kwa sababu chapa inauzika kwa mtu ambaye hawezi kununua mchoro wa mafuta. Ndiyo maana nasema hizi karatasi zimefika kwa watu wake: zilitengenezwa kwa ajili ya ukuta wa mtu wa kawaida.

Chapa za asidi alizozitengeneza kwa mkono wake ni chache, 20 na ushei. Nyingi za zile nilizonazo zinatoka kwenye kipindi kimoja, 1855 hadi 1863. Kazi yenyewe ni ya subira. Sahani ya shaba inapakwa nta isiyopitisha asidi. Mchoraji anakwaruza nta kwa sindano, shaba inatokeza, sahani inatumbukizwa kwenye asidi, na asidi inakula pale tu palipokwaruzwa. Nta ikiondolewa, wino unapakwa na kufutwa, unabaki ndani ya mifereji. Karatasi iliyoloweshwa inalazwa juu na vyote vinapita chini ya rola zito. Picha inatoka imegeuka, kulia kunakuwa kushoto. Aliyemchapia Paris alikuwa Auguste Delâtre, fundi aliyesifika kwa kuacha utando wa wino juu ya sahani badala ya kuifuta ikawa safi, na ndiyo maana ukiangalia vivuli vya chumbani kwenye picha hizi vinaonekana kama vina moshi wa kuni.

Sasa niende kwa mama yangu wa siagi. Kifaransa anaitwa La Baratteuse, na hii ndiyo picha iliyo juu ya kaunta. Amesimama, kofia ya kitambaa kichwani, aproni, viatu vya mbao. Mbele yake pipa refu jembamba la mbao lenye kifuniko, na katikati ya kifuniko unapita mti. Chini ya mti kuna kisahani chenye matundu ambacho hukioni, lakini mtu aliyewahi kusuka maziwa anakijua kwa kuangalia mikono. Mkono mmoja juu, mwingine chini yake, vidole vimefumba bila kubana. Ukibana unachoka kabla siagi haijashika. Nimelelewa Singida, siagi kwetu ilitoka kwenye kibuyu, kikitikiswa mapajani mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka mkono unasahau kuwa ni wako. Chombo ni tofauti, lakini lile bega la Millet ni lenyewe. Bega limeshuka. Mchoraji asiyejua angelinyanyua, akidhani nguvu inatoka juu. Kwenye kazi ya kusuka nguvu inatoka kwenye uzito wa mwili, unauacha uanguke na mti, kisha unauvuta bila pupa.

Jambo la pili ni uso. Umeinama kidogo, hauonyeshi uchungu wala furaha. Wateja husema amechoka. Mimi nasema anasikiliza. Maziwa yakiwa bado, sauti ni ya maji maji. Siagi ikianza kushika, sauti inakuwa nzito, inabwata, na mti unaanza kukataa. Hakuna saa inayokuambia hilo, ni sikio. Hali ya hewa ikiwa ya baridi sana inachelewa, ikiwa ya joto inashika vibaya na kuwa laini kama mafuta ya kupaka. Kwa hiyo mama yule yuko mbali, yuko ndani ya pipa. Na miguuni paka anajisugua kwenye sketi yake, mkia juu, kwa sababu paka naye anajua ile sauti maana yake nini. Watoto wakiingia na wazazi wao, macho yao huenda kwa paka kwanza. Millet aliirudia mada hii pia kwa rangi za chaki, nimeiona kwenye simu, ni nzuri, lakini kwenye chapa ndiko mistari inapanda na kushuka pamoja na mti.

Upande wa dirishani nimeweka Les Bêcheurs, wanaume wawili wanalima kwa beleshi, bega kwa bega. Mmoja amekita mguu juu ya chuma anakisukuma ardhini. Mwingine ameshapita hatua hiyo, amekunjika, anageuza bonge la udongo. Ukiwatazama pamoja unapata kazi nzima, mwanzo wake na mwisho wake, kama vile ni mtu mmoja aliyechorwa mara mbili. Picha hii imezua ubishi kuliko zote. Mteja wangu mmoja, mzee mwenye shamba la zabibu, alisimama na kikombe mkononi muda mrefu.

"Mama, hawa hawana jembe?"

"Kwao wanalimia beleshi, mzee. Udongo wao mlaini, na mvua ipo."

"Huyu wa nyuma mgongo umeshamwambia," akasema. "Kesho hafiki huyu."

Akaketi. Tangu hapo anakaa meza ile ile, na akija mgeni humwonyesha ule mgongo kwa kidevu. Nilimtafutia kwenye simu ile picha ya mafuta ya mwanamume aliyeegemea jembe, L'homme à la houe, aliyoimaliza Millet mwaka 1862 na sasa ipo jumba la Getty, Los Angeles. Ile ina jembe kabisa, na magugu, na mawe, na mtu mdomo wazi anatafuta pumzi. Ilipoonyeshwa Paris mwaka 1863 waungwana walimcheka yule mtu kuwa ana sura ya mjinga. Mzee wangu wa zabibu aliitazama akasema tu, "Anapumzika." Wahakiki wa Paris wangekuja hapa kunywa mtindi wangejifunza kitu.

Les Glaneuses ndiyo maarufu, na wengi wataijua kwa ile ya mafuta ya mwaka 1857 iliyopo jumba la makumbusho la Orsay, Paris. Chapa ilitangulia kidogo. Wanawake watatu shambani baada ya mavuno, wawili wameinama kabisa, mmoja nusu, wanaokota masuke yaliyobaki. Nyuma kwenye mwanga kuna marundo ya ngano ya mwenye shamba, makubwa, ya kutosha kulisha kijiji. Ilikuwa ni haki ya maskini kwa desturi ya zamani kule: miganda ikishabebwa, na jua likiwa bado lipo, kilichoanguka ni chao. Msomaji wa Biblia hahitaji maelezo zaidi, ni kondeni kwa Boazi kule kule, na Millet mwenyewe alikuwa ameshachora wavunaji wakipumzika akiwa na Ruthu na Boazi kichwani. Ajabu ni hasira iliyofuata. Mhakiki mmoja wa Paris aliwaita mama hawa miungu watatu wa ufukara, kama vile wamekuja kumtishia. Mimi nikitazama naona jambo la kazi: mmoja wa wale walioinama, mkono mmoja unaokota, na ule mwingine umeshika mavuno nyuma ya kiuno, ili asiinuke kila anapopata suke. Kuinuka ndiko kunakomaliza kiuno, si kuinama. Aliyechora alikuwa ameshaona hesabu hiyo ikipigwa.

Nyingine nazipitia haraka. La Cardeuse, mwanamke ameketi anachana sufu kwa brashi mbili za miiba ya chuma, ni nzuri lakini inahitaji kutazamwa kwa karibu, na ukutani inapotea. La Veillée, wanawake wawili wanashona kwa taa usiku, usiichapishe steshenari ya kawaida. Giza lake limejengwa kwa mistari mingi iliyopishana, na printa duni inaigeuza kuwa mkaa mtupu. Nimeiacha kwenye simu. Yule mwanamume anayesukuma toroli akitoka kwenye samadi nimemweka mlango wa jikoni, na vijana wangu wa kazi wamempa jina la mmoja wao. Wamesema amefanana naye anavyotembea asubuhi ya Jumatatu.

La Bouillie ya mwaka 1861 iko kwenye meza za akina mama wenye watoto, na hiyo nakuomba usiiache. Mama amempakata mtoto, ameshika kijiko cha uji, anapuliza. Basi, ni hilo tu. Midomo imebinywa vizuri, na mtoto anangoja kwa ule utulivu wa muda mfupi wa mtoto mwenye njaa aliyeona kijiko. Kila mama anayeketi pale anaiona, kisha anapuliza chake.

Niliyoiteremsha ni La Grande Bergère, binti mchungaji amesimama anafuma, kondoo nyuma yake. Imechorwa mwaka 1862, watu wanaisifu sana, mistari ya ardhi na ya mbingu ni ya ufundi mkubwa, sikatai. Lakini nimechunga mbuzi. Mtu anayechunga macho yake yapo kwa wanyama hata mikono ikiwa kwenye kazi nyingine, na miguu haijatulia namna ile. Huyu binti amesimama kama sanamu ya kanisani, na kondoo wake ni watiifu mno. Hapo Millet ameacha kuchora kazi ameanza kuchora utakatifu, na utakatifu wa aina hiyo kwangu unachosha haraka. Nikaweka mahali pake Le Départ pour le travail ya mwaka 1863, kijana na mkewe wanakwenda shamba asubuhi, yeye amebeba kifaa begani, mwanamke kapu amelivaa kichwani kama kofia. Hapo kuna mwendo. Wateja wengi walicheka kwa furaha kuona kapu kichwani kwa Mzungu.

Picha hii ya mwisho ina kisa kinachonigusa kama mtu wa biashara. Iliagizwa na kikundi kidogo cha wapenda sanaa, waliotaka zichapwe chache, kisha sahani iharibiwe ili zao ziwe adimu na bei ipande. Millet alimwandikia Sensier akiwaka: kuharibu sahani ni ushenzi, akasema, na kama Rembrandt, yule mchoraji mkubwa wa Uholanzi, angefanyiwa hivyo kazi zake zingepotea. Akaongeza kwamba yeye haelewi hesabu hizo za kibiashara. Miaka zaidi ya 160 baadaye chapa hiyo hiyo iliyofanywa adimu kwa makusudi ninaichapisha kwenye manila kwa bei ya chapati chache. Sijui wale waungwana wangesema nini. Mimi nimefurahi.

Na hatuko peke yetu katika kutazama Millet kwa karatasi za bei rahisi. Mwaka 1853 alichora seti ya picha ndogo kumi za kazi za shambani, Les Travaux des champs: anayefyeka, anayefunga miganda, anayepura, anayekata manyoya ya kondoo, anayesokota uzi, anayeponda kitani, na wengine. Mchongaji Adrien Lavieille akazichonga kwenye mbao, zikatoka gazetini. Zilienea. Mwaka 1889 mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh, akiwa amelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili kule Saint-Rémy, alikuwa nazo, akaanza kuzigeuza moja moja kuwa michoro ya rangi, bluu na njano, kutoka kwenye karatasi zisizo na rangi. Alimpenda Millet tangu ujana. Mwaka 1875, alipoingia Paris kwenye maonyesho ya michoro ya Millet iliyokuwa ikienda mnadani, alimwandikia ndugu yake kwamba alijisikia kama anaambiwa avue viatu, maana mahali hapo ni patakatifu. Mimi siendi mbali hivyo. Lakini ile seti ya kumi nakushauri uichapishe yote kwenye karatasi moja kubwa, A3, kama ilivyokuwa zamani. Yule anayepura, mpuro ukiwa juu ya kichwa chake, ni picha ndogo kuliko kiganja na bado unasikia unavyoshuka.

Lawama yangu kubwa kwa Millet si ya ufundi. Kijiji chake kiko kimya. Hakuna anayecheka, hakuna anayegombana, hakuna anayesengenya mwenzake kisimani, hakuna mlevi, hakuna harusi. Kaa mezani kwangu utazame ukuta mzima kwa pamoja, utaona watu wanaofanya kazi tu, kila mtu na ukimya wake. Yeye mwenyewe alimwambia Sensier kwamba upande wa furaha haujawahi kumtokea, hajui hata uko wapi. Samahani, lakini mtu aliyelelewa Normandy kwenye nyumba iliyojaa ndugu, akazaa watoto tisa, asiniambie hakusikia kicheko. Alichagua kutokichora. Camille Pissarro, mchoraji mwenzake mdogo aliyezaliwa visiwa vya Karibi mwaka 1830, Myahudi, alilalamika kwamba watu wanamlinganisha na Millet wakati Millet ni wa Kibiblia mno. Nimemwongeza huyo Pissarro kwa ajili ya kupooza ukimya: yeye naye alichapa, na akapenda masoko ya miji ya Pontoise na Gisors, wanawake wamebanana na vikapu vyao wakiongea. Chapa yake ya soko ipo karibu na mlango, na mgahawa umepata sauti.

Tahadhari kwa anayetaka kununua badala ya kupakua. Mitandaoni zinauzwa "chapa za Millet" tele, na nyingi ni za wachongaji wengine walioiga michoro yake alipokwisha kuwa maarufu. Hasa ile ya Angelus, wakulima wawili wamesimama wanasali Malaika wa Bwana, kengele ikilia kwa mbali. Wateja wangu Wakatoliki wameiulizia sana. Millet aliichora kwa mafuta, ikaja kuuzwa mwaka 1889 kwa zaidi ya faranga 550,000, yeye akiwa kaburini tayari, na baada ya hapo kila mchongaji akaitolea chapa yake. Kwa hiyo ukiona karatasi ya Angelus, si mkono wa Millet uliokwaruza ile sahani. Tafuta neno d'après, yaani "kwa kuiga kazi ya", mbele ya jina lake, au jina la pili pembeni chini. Si dhambi kuinunua, ila usilipie bei ya mwenyewe. Na michoro ya penseli nyeusi inayodaiwa kuwa yake, kaa nayo mbali kabisa kama huna mtaalamu: mjukuu wake mwenyewe, Jean-Charles, alinaswa miaka ya 1930 akihusika na biashara ya Millet za kughushi.

Kwa bei: kila karatasi ya manila iliyochapwa ilinitoka 1,500, fremu na kioo 15,000. Kioo ni lazima kwenye mgahawa. Mvuke wa maziwa na moshi wa mafuta unaila manila, inavimba pembeni na kufanya madoa. Usizitundike ukuta wa jiko hata kwa kioo, isipokuwa yule wa toroli ambaye vijana wamekataa nimhamishe. Na usizibane nyingi mahali pamoja. Ni picha za kusogelewa, zinataka mtu asimame na kikombe chake.

Watu kadhaa wameshaniomba niwauzie. Siuzi. Ninawaandikia jina kwenye risiti, Jean-François Millet, na chini yake La Baratteuse, wakatafute wenyewe, nawasisitiza pia waangalie isije ikawa na d'après. Wanaorudi na karatasi zao kunionyesha huwa nawakagulia bure, na mpaka sasa kosa ni lile lile: wamekubali kijana wa steshenari aivute ijae ukurasa.